Watano Toa Mmoja

Video niliyoipakua Kibiti mjini ilikuwa na matofaa matano. Moja likadondoka, sauti ikauliza yamebaki mangapi.

"Hizo nyanya," akasema mwanangu Sabra. Wenzake wa pale nyumbani wakacheka mpaka somo langu likafa.

Mwalimu alikuwa ameshaniambia: hesabu zikimshinda tena, Sabra atarudishwa darasa la awali. Mimi mwenyewe nilijifunza kutoa nikiwa na miaka ishirini na moja, darasa la jioni, yeye akiwa mgongoni. Nikasema hapana. Nitarekodi video yangu kwa simu.

Nilianza na kaa wa mikokoni. Wakatawanyika kabla sijafika watatu. Basi nikawapanga mkekani watoto wa nyumbani, na mwisho kabisa akakaa Yasmin, mtoto wa wifi yangu Mwamini, pengo mbele, anacheka tu.

"Watoto watano. Akitoka mmoja?"

Yasmin akasimama, akatupungia mkono wa kushoto, akatoka mlangoni.

"Wanneee!" Sabra alipiga kelele kuliko wote. Nilitaka kulia kwa furaha.

Somo la kujumlisha, ambapo Yasmin angerudi ndani, nilipanga kulirekodi Ijumaa wakitoka madrasa.

Nilijisahau. Hapa kwetu Mbuchi, kwa mama mkwe wangu Bi Mwanasiti, watoto hawahesabiwi, wasije wakapungua. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, atakujibu, "Wapo, Mungu kawaweka." Darasa la jioni lilinifundisha kuhesabu kila kitu.

Jumatano Yasmin akashikwa na homa. Boti ya kumpeleka hospitali ikasubiri maji yajae. Maji yalipojaa, hakukuwa na haja tena.

Msibani Sabra akaifungua video, anataka kumwona mwenzake. Bi Mwanasiti akamnyang'anya simu.

"Msomi, njoo hapa. Sauti ya nani hii?"

"Yangu, mama."

"Umewahesabu. Halafu ukamtoa yeye."

"Mama, ni homa ile…"

"Nimekuuliza homa mimi? Wanawake, mmesikia? Kamtoa kwa mdomo wake, na watoto wakamshangilia!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mwamini alikuwa kajiinamia, hakunyanyua kichwa.

"Futa. Hapahapa niione. Na hizo nyanya zako."

Nikafuta. Zote mbili.

Arobaini ilipopita, Mwamini akaja kwangu mchana, akakaa mkekani.

"Wifi, nionyeshe ile."

"Ipi?"

"Anayopunga mkono. Sina picha yake hata moja."

"Niliifuta, wifi. Mama alisema…"

"Mama alisema. Mimi nilikwambia ufute?"

Sabra alikuwa anatusikiliza. Akaja akakaa pale alipokuwa amekaa Yasmin, akasimama, akapunga mkono wa kushoto, akatoka. Kutoka nje akaita:

"Mama, wamebaki wanne!"

Alipatia. Kabla ya msiba nilikuwa naliomba jibu hilo, na sasa nilitamani aninyamazie.

Mwamini aliutazama mlango muda mrefu.

"Tena," akasema.

Sabra akarudia. Na tena, na tena, mpaka akachoka. Na kila alipoingia ndani ili atoke upya, Mwamini alifumba macho, asione ni nani aliyerudi.