Sindano ya Mirza Yahya

Turan alimwona mjukuu wangu Golrokh hamamuni, akaona baka jeupe chini ya sikio lake, akapaza sauti hadi wanawake wote wakaacha kuoga: "Huyu ana ukoma. Mwanangu hamwoi tena."

Mimi nilikuwa najisugua kisigino. Jiwe likaniponyoka, na Mungu anajua sikuulenga mguu wa Turan. Angalau si sana.

Kesho yake nikawaburuta wote wawili hadi kwa Mirza Yahya, muuza dawa za mitishamba wa mtaa wetu hapa Rasht.

"Mirza, toa sindano," nikasema. "Leo ugonjwa huu utaitwa kwa jina lake."

Kila ajuza wa hapa anakijua kipimo hicho. Unaibana ngozi, unadunga. Ikitoka damu ni bahaki, dawa itaiondoa. Yakitoka majimaji ni barasi, na weupe umekuja kukaa.

Golrokh akainamisha shingo. Tangu alfajiri nilikuwa naomba damu. Mirza akadunga. Yakatoka majimaji.

"Barasi," akasema polepole.

Turan akanyoosha kiganja. "Pete ya mwanangu."

"Wewe ulisema ukoma," nikamwambia. "Mbele ya mtaa mzima. Mirza, mweleze."

"Ukoma hula vidole, Bi Turan. Barasi hula rangi tu."

"Balaa ni balaa. Mabaka haya huletwa na samaki na mtindi kwa mlo mmoja, nani asiyejua? Nichukue mke kwenye nyumba isiyojua hata kulisha watoto?"

Hapo nikampenda kidogo, maana mjinga akijichimbia shimo humpunguzia mzee kazi.

"Kwangu samaki na mtindi havijawahi kukutana, mwanangu. Ila siku ya kumvisha pete, kwako, bakuli la mtindi lilikaa ubavuni mwa nini? Na nani aliongeza sahani ya pili?"

Golrokh akaivua pete, akaiweka kwenye mizani ya Mirza.

"Mpelekee mwanao, mama. Amesikia nikiitwa mkoma tangu jana, hajaja hata kuniuliza. Barasi nitaishi nayo. Yeye siwezi."

Turan hakuigusa pete. Alikuwa amesogea dirishani, amepandisha mkono wa gauni, anakikagua kiwiko chake.

Nikamwomba Mirza amwazime sindano.