Nguzo Ndefu za Kamili

Mdomo wa Kamili haukuwahi kulala njaa. Kila Jumapili baada ya misa, nyumba ya Mama Euphrasia pale Masumbwe, penye pombe ya mtama, ilifurika mpaka watu wakakalia vinu, na aliyewajaza ni Kamili na habari zake za Tabora. Alivyokuwa akipakia magogo ya mninga kambini! Gogo nene mpaka watu wawili wa upande huu na upande huu hawaonani, na yeye mbele na mtaimbo wake. Watu hoi kwa kicheko, anaongezewa kata nyingine. Kasoro ilikuwa moja tu. Kule kambini Kamili alikuwa mpishi. Magogo aliyaona kwa mbali, macho yakimtoka machozi ya moshi.

Nani angejua? Lakini mwaka ule wa sabini na sita kijiji kikataka kuezeka zahanati, mninga ukaangushwa msituni, lori likaombwa. Mwenyekiti akauliza kikaoni, nani anajua kupakia? Shingo zote zikamgeukia Kamili. Na mwezi haujaisha tangu gogo la kijiji jirani lirudi nyuma likamlalia mtu. Yule bwana alizikwa jeneza likiwa limefungwa, mama yake hakuonyeshwa uso.

Basi asubuhi ya siku yenyewe Kamili akajikuta ghalani, achague vifaa.

"Mwangaluka, fundi!" Ngassa alimsalimu kwa Kisukuma, akampiga bega. Huyu Ngassa ni kaka wa Febronia, mkewe Kamili. Jitu la miraba minne, na mtani wake wa kufa na kupona, maana shemeji na shemeji hawaachani salama. "Chagua vizuri. Mimi nakaa katikati, nyuma ya gogo. Mke wangu Paskazia ana mimba ya miezi minane, usimwachie mtoto asiye na baba."

Wenzao wakacheka. Kamili naye akacheka, akageukia ukuta upesi wasimwone macho.

Aliinua mtaimbo wa kwanza. Ukamponyoka kidogo, akaurudisha haraka ukutani. Bernadina, mwenye funguo za ghala, akawakonyeza wengine. "Mmeona? Ameupima uzito, ameukataa." Akachukua wa pili kwa sababu ulikuwa karibu. "Huo ndio!" wakasema. Kila alichogusa kilikuwa ufundi. Akikohoa, ufundi. Akinyamaza, ndio ufundi zaidi.

Kazi ikawa kwenye nguzo, zile mbili za kuegemeza kwenye lori ili gogo lipandie. Kulikuwa na jozi mbili. Moja fupi na nene, lakini fupi maana yake gogo lipande kama linapanda ukuta. Nyingine ndefu, mlima wake mpole, ila zilikuwa nyembamba kidogo katikati. Kamili aligonga moja kwa ngumi. Ikalia. Hakujua kama ni mlio mzuri au mbaya.

"Inasemaje?" Ngassa akauliza.

"Inakusalimu."

Kicheko! Mpaka Bernadina akashika ubavu. Katikati ya kicheko hicho Kamili akasikia mdomo wake wenyewe ukisema, "Ndefu." Ikawa ndefu. Mnyororo ulikuwa mfupi, wakabeba kamba ya katani na mitaimbo mitatu, wakaondoka.

Njia nzima alikuwa akitafuta kumbukumbu. Kambini walitumia zipi? Akakumbuka sufuria. Akakumbuka nani alikuwa hapendi maharage. Nguzo hazikuja.

Gogo lilikuwa linawangoja, jekundu pale lilipokatwa, utomvu wake umeganda kama damu ya mbuzi. Dereva, Mzee Donatus, akarudisha lori nyuma, nguzo zikaegemezwa. Wawili wakapanda juu na kamba, wanne wakabaki chini wasukume. Ngassa akavua shati, akaingia katikati. Kamili kazi yake ilikuwa kuimbisha. Yeye akiita, wao wanaitikia, na kwenye kuitikia ndipo wanaposukuma.

Kamili akainua mkono. "Jamani," akasema. "Ngojeni. Mimi sijawahi kupakia gogo. Kule Tabora nilikuwa mpishi."

Msitu ukalipuka kwa kicheko. Telesphori, aliyekuwa juu ya lori, alicheka mpaka akaachia kamba.

"Haki ya Mungu, nilikuwa napika!"

"Na hili gogo, shemeji," Ngassa akasema akijifuta machozi, "ukilibandika asubuhi, linaiva saa ngapi?"

Wakazidi. Kamili aliwatazama, meno yote nje, akaona alichojijengea miaka yote ile. Amewachekesha mno, sasa hana sauti ya kuwaambia kweli.

"Imba wewe, jua linapanda!" Mzee Donatus akafoka.

Akaimba. Mungu amsamehe, aliimba. Wakaitikia, gogo likajiviringisha, likakanyaga nguzo. Wito wa pili, likapanda shibiri mbili. Wito wa tatu nguzo ya kushoto ikapinda, ikatoa sauti nyembamba, kama mlango wa nyumba isiyo na mtu. Gogo likasita. Kisha likaanza kurudi, polepole kwanza.

"Tokeni!"

Mtaimbo wa Ngassa ulibanwa ukaruka, ukampita sikio, ukachimba udongo nyuma yake. Yeye alijirusha pembeni. Gogo likashuka kwa kishindo palepale alipokuwa amekanyaga, nyayo zake hazikuonekana tena.

Hakuna aliyeumia. Wakatazamana. Telesphori akaanza kucheka kidogo, kicheko kikavu, na wengine wakakidaka wakishukuru kupata cha kushika. "Haya, mara ya pili haikosei," mtu akasema. Ngassa akang'oa mtaimbo wake ardhini. Akarudi katikati.

Ndipo Kamili akazipanda zile nguzo, akalala juu yake. Kifudifudi, mikono imeikumbatia nguzo ya kushoto.

"Ona fundi anavyozipima!"

Kamili hakuwa anapima kitu. Alikuwa analia. Si kwa sauti, mabega tu. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, analia mbele ya shemeji yake mchana kweupe. Kicheko kikakatika kimoja kimoja.

"Ngassa," alisema. Hakusema shemeji. "Ukifa hapa, mimi ndiye mtani wa msiba wako. Watanisukuma mbele nichekeshe waliao. Nitasema nini kwa Paskazia? Kama mnasukuma, sukumeni, mimi sitoki."

Mzee Donatus alizima injini. "Huyu hatanii," akasema.

Ngassa akachuchumaa, uso wake ukawa karibu na wa Kamili. "Mpishi kweli?"

"Mpishi. Nguzo nimechagua kwa kubahatisha."

"Na mtaimbo?"

"Ulikuwa karibu."

Kamili alingoja kofi. Alilitaka. Lakini Ngassa alikuwa anatazama ardhi, pale nyayo zake zilipofukiwa, na midomo yake ilikuwa imepauka kama iliyopakwa jivu.

Lori likaondoka tupu. Mzee Donatus alisema atarudi wakipata mtu anayejua, na kwamba habari hii itafika Masumbwe kabla ya Kamili. Wenzao wakabeba kamba, wakatangulia bila kuaga. Kamili akashuka, akaanza kukusanya mitaimbo, asijue atembee nyuma ya nani.

"Kamili." Ngassa alikuwa bado amechuchumaa palepale, viganja vimeshika magoti. "Usiniache. Nimejaribu kusimama mara mbili, miguu inakataa."

Kamili akaweka mitaimbo chini, akampa mkono. Akamvuta akasimama, wakashika njia wameshikana, hakuna aliyetangulia.