Dakika Moja ya Mzee Mbonea

Jumatatu iliyopita, ndani ya treni ya mchana iendayo Strasbourg, Nakijwa Mbwambo aliota kwamba kiti chake kimemshtaki.

Kwa aliyeijua kazi yake, hilo halikuwa la ajabu sana. Kwa miaka ishirini na miwili Nakijwa alikuwa wakili wa wafanyakazi katika mji wa Gent, Ubelgiji, akiwatetea wafagiaji, wapakizi wa maghala na wapishi wa hospitali. Kisha watu wakampigia kura, akawa mbunge wa Bunge la Ulaya, ambalo hukutana Strasbourg. Tangu hapo, miaka mitatu sasa, alishinda na vifungu na viambatisho, wala hakuwahi tena kusimama mahakamani bega kwa bega na mtu aliyefukuzwa kazi. Alikuwa na hamu na siku zile, lakini hakumwambia mtu.

Katika ndoto yuko ukumbini mwa Bunge. Anataka kuketi, kiti kinakohoa.

"Mheshimiwa," kinasema, "sheria unayoitetea inampa kila mfanyakazi saa kumi na moja za mapumziko kwa siku. Mimi nimekubeba miaka mitatu."

Nakijwa anakiuliza kama kina mkataba. Hakina. Anauliza kama kiliwahi kupewa likizo. Hakijawahi. Anafikiri kidogo, kisha anakiambia kwamba madai yake yana msingi. Kiti kinashukuru, kinanyoosha miguu yote minne na kutoka mlangoni. Wabunge wanakipisha.

Kikao kinaongozwa na saa kubwa ya ukutani iliyovaa tai. Inatangaza kwamba Mheshimiwa Mbwambo amepoteza kiti, na asiye na kiti hazungumzi.

"Basi nitasimama," Nakijwa anasema.

"Wanaosimama ni mawakili," saa inajibu. "Una mteja?"

Anageuka kumtafuta mteja, na ukumbi haupo tena. Ipo mistari ya mkonge inayokwenda hadi chini ya milima ya Upare, alikokulia, na ile harufu ya majani yaliyooza nyuma ya kiwanda. Nje ya ofisi ya meneja kuna benchi. Ameketi baba yake, Mzee Mbonea, kofia magotini.

Mzee Mbonea alikuwa mkata mkonge. Nakijwa alipokuwa na miaka tisa, nyapara alidai amemkuta baba yake amelala kazini, na kesho yake Mzee akafukuzwa. Alikwenda kujieleza, akaambiwa angoje kwenye benchi. Alingoja siku nne, hakuitwa. Kwa sababu ya benchi hilo binti yake alisoma sheria. Alipolivaa joho la uwakili, baba alikuwa na mwaka wa pili kaburini.

"Baba, bado uko hapa?"

"Hawajaniita, mama," Mzee anasema, bila kulalamika, kama anayesema mvua haijanyesha.

Kwenye benchi lile anayeinuka hupoteza zamu. Nakijwa anavua viatu na kuliburuta benchi, baba akiwa juu yake, kupita katikati ya mkonge mpaka kwenye zulia la Bunge. Mzee anawasalimia wabunge mmoja mmoja na kuwaomba radhi kwa vumbi.

Saa inasema kesi hii imepangiwa dakika moja, na inamkabidhi Nakijwa dakika hiyo. Dakika ni ya mviringo, ina joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Hotuba anayo. Ameitunga tangu chuoni, kila aya anaijua kwa moyo, na hajawahi kupata mahali pa kuisema. Anaitazama dakika. Inatosha mtu mmoja tu. Anaitia mkononi mwa baba yake.

Mzee anaongea Kipare. Lugha ishirini na nne zina wakalimani humo ndani, Kipare hakina. Wakalimani wanatoka vibandani mwao, wanakuja kuketi sakafuni karibu naye.

"Sikulala," anasema. "Nilipiga magoti kumfunga mwenzangu Kiondo mguu, alikuwa amejikata. Nyapara aliona mgongo wangu tu."

Basi. Maneno hayo yamengoja miaka arobaini na mitatu, na hayakumaliza hata nusu ya dakika. Saa inamuuliza kama ana la kuongeza, maana sekunde zimebaki. Mzee anafikiri, kisha anamgeukia binti yake.

"Umeshakula, mama?"

Nakijwa ana maneno mengi ya kumwambia. Anataka kumweleza kuhusu joho, kuhusu wafagiaji wa Gent, kuhusu nyumba isiyo na mtu wa kumuuliza swali hilo. Anaona sekunde hazitoshi.

"Bado, baba."

"Kale."

Anamshika kiganja kwa mkono wake uliokakamaa, anakibana sana. Dakika inaisha kwa mlio mdogo. Saa inaandika kitabuni: amesikilizwa. Benchi li tupu.

Nakijwa aliamka treni ikiwa imesimama katika kituo kidogo. Karatasi zake zilikuwa zimeanguka, na abiria aliyeketi mbele yake, mama mmoja wa makamo, alikuwa akimwokotea. Alimshukuru, na alipozipokea alihisi kitu kinamchoma. Katikati ya kiganja cha kulia kulikuwa na ncha nyeusi ya mwiba wa mkonge, imekatikia ndani ya ngozi.

Nje yalikuwa mashamba ya ngano tu, pande zote mbili.

Yule mama akampa pini auchokoe. Nakijwa aliishika pini kwa muda, akairudisha. Akakikunja kiganja taratibu, akainuka, akaenda kwenye behewa la chakula.