Suruali Nyeupe na Ufunguo wa Pili

Chanzo cha yote ni suruali nyeupe, na kosa ni langu, asitafutwe mwingine. Niliinunua niivae mbele ya mama mkwe.

Mke wangu alikuwa amechoshwa na mashua yetu ya tanga. Miaka mitatu Jumamosi zake zote zimeishia humo ndani, yeye akinishikia tochi na mimi nikigombana na nati. Wiki ile akaniambia bila kupepesa macho: "Jumamosi niko zamu hadi saa nane. Mtembeze mama majini, nyinyi wawili tu. Mkirudi akisema chombo ni salama, kinabaki. Akisema ni hatari, tunakiuza, na sitaki kuona mtu ananuna."

Jaji mwenyewe ndiye huyo! Mwanamke ambaye siku ya harusi yetu alitikisa viti kimoja kimoja kabla ya kukaa. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na saba kwenye chumba cha kufulia nguo hospitalini, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani kazi hiyo ni sabuni na pasi.

Sasa, mashua yetu ina sheria moja. Injini yake ya dizeli hupozwa na maji yanayovutwa kutoka nje, chini ya mashua, kupitia valvu, yaani koki ya kufungia maji. Tukiondoka tunaifunga, maana mpira wa maji ukipasuka mashua itazama sisi tukiwa nyumbani tumelala. Ili tusisahau kuifungua tena, mke wangu aliamuru ufunguo wa injini uning'inizwe kwenye mkono wa ile valvu. Unataka kuwasha? Piga magoti nyuma ya ngazi, kwenye grisi, fungua valvu, ndipo uchukue ufunguo wako. Ni sheria nzuri kabisa, ila haikutungwa kwa mtu mwenye suruali nyeupe.

Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda kwa fundi wa funguo na ule ufunguo, nikachongesha wa pili. Ule wa kwanza nikaurudisha mahali pake, nikijiona mjanja.

Jumamosi mama alipanda na mkoba wake, akatikisa kiti, akakaa. Nikatoa ufunguo mfukoni kibosi, nikawasha. Injini ikaitika mara moja. Kipimajoto nilikuwa nimekifunika kwa taulo, maana kioo chake kina ufa na sikutaka aanze kuhesabu kasoro mapema.

Hatukuwa tumefika mbali na gati alipogeuka nyuma. "Baba, lile bomba la moshi. Mashua ya jirani inatema maji pale. Yako mbona kavu?"

"Hii inatumia maji kidogo, mama."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Akanitazama, akatega sikio.

"Na sauti imebadilika. Ilikuwa inanguruma, sasa inabweka."

"Ni upepo huo, mama."

"Kuna mpira unaungua."

Nikanusa. Kweli ulikuwa unaungua. "Ni viatu vyangu, mama. Vipya."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa najitafutia kuvunjika yote mawili. Mashua ikaanza kulegea mwendo. Nikasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, na bado tulikuwa tunatambaa.

"Mbona haiendi?"

"Nataka uone mandhari."

Kisha kitu kikaanza kulia, mlio mwembamba usiokoma. Nikatabasamu kwa adabu zote. "Mama, simu yako inaita."

"Simu yangu nimeiacha kwa mwanangu."

Tukatazamana. Nyuma yetu bomba lilikuwa linafuka mvuke mweupe. Mama akainuka, akalivuta taulo. Mshale wa kipimajoto ulikuwa umelala kwenye nyekundu.

"Zima!"

Nikazima. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi yenyewe haikuwapo, ilikuwa maji pande zote. Injini ikiwa imekufa, basi na mashua itauzwa. Hakuna jaji ambaye angehitaji kufikiri mara mbili. Nikakimbilia ndani nifungue kifuniko cha tangi dogo la maji ya ndani ya injini niongeze mengine. Mama akanipiga kofi mkononi.

"Unataka kupikwa uso? Boila la kuchemshia maji ya kufulia hospitalini nimelilinda miaka ishirini na saba, hajaungua mtu kwenye zamu yangu. Kifuniko hakiguswi mpaka kipoe. Pandisha tanga."

Nikapandisha tanga. Upepo ukatushika, na mama akashika usukani bila kuniuliza.

"Ulijuaje, mama?" nikauliza.

"Mtambo wa moto husema. Kwanza maji hayapiti, halafu sauti, halafu harufu, halafu nguvu zinaisha. King'ora ndiyo neno la mwisho. Wewe ulitaka kungoja nini, barua?"

Injini ilipopoa kidogo akanirudishia usukani, akashuka ngazi. Nilimsikia akipiga magoti. Aliporudi, ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye kidole chake. Akautazama, akautazama na ule uliokuwa kwenye swichi.

"Baba, mashua moja, funguo ngapi?"

Nikaungama yote: suruali, fundi wa funguo, valvu niliyoiacha imefungwa, taulo, hata viatu. Hakucheka wala hakufoka, na hilo lilinitesa zaidi. Akachukua usukani tena, akaonyesha chini kwa kidevu. "Nenda ukaone umefanya nini."

Nikapiga magoti kwenye grisi na suruali yangu. Nikafungua pampu ya maji; gurudumu lake la mpira lilikuwa limesagika vipande, kwa kuzunguka bila tone la maji. Nikatia spana kwenye injini yenyewe, nikajaribu kuizungusha kwa mkono, polepole, nikiwa nimefumba macho. Ikazunguka. Haikuwa imekwama. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuyasema.

Tulirudi kwa tanga peke yake. Mke wangu alikuwa amesimama gatini na sare yake ya uuguzi. Akaitazama suruali yangu, akamtazama mama yake.

"Haya, mama. Salama au hatari?"

Mama alishuka taratibu. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mashua isichukuliwe siku hiyo hiyo.

"Chombo hakina neno," akasema. "Kimeonya mara tano. Kibaki. Ila huyu wako asitoke nacho bila mimi." Akautumbukiza ufunguo wa pili kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

Jumamosi iliyofuata nilifika gatini alfajiri na gurudumu jipya la pampu, nikamkuta amekwisha fika, amevaa glavu zake za kazini.

"Umevaa suruali gani?" akauliza.

"Nyeusi, mama. Ya zamani."

"Vizuri. Piga magoti."