Kibao cha Taarifa za Bandarini

Kwa miaka tisa redio yetu ilitanguliza ratiba ya matishari ya mizigo ya bandari ya Juba, kwenye mto Nile, kwa kibao kimoja cha muziki wa tekno: mashine inadunda, na kinanda cha jazi kinahangaika juu yake. Nilikichukia tangu siku ya kwanza. Nilipokabidhiwa kipindi, nilikiondoa kibao hicho nikaweka kengele.

Siku ya tatu, Namutebi, Mganda anayepeleka unga Malakal, aliingia studio bila kubisha. Tishari lilikuwa limeondoka bila magunia yake.

"Mimi iko sokoni na redio, nangoja ile muziki. Wewe unapiga kengele! Hapa kanisa?"

"Nilitangaza saa ya kuondoka mara mbili, mama."

"Nani anasikiliza mdomo yako? Tunasikia muziki, ndiyo tunanyamaza."

Nilimweleza kwamba kibao kile kina miaka thelathini, na kwamba mazoea si ubora. Akaketi kwenye kiti changu. Akasema hatoki mpaka kibao kirudi.

Tishari jingine lilikuwa likingoja tangazo la saa nne, kwa hiyo nikakipiga. Desturi yetu ilikuwa kukikata baada ya sekunde ishirini. Nilipofikisha kidole kwenye kitufe, aliudaka mkono wangu. Kinanda kikaendelea, kikafika sehemu ambayo watu wa bandarini hawakuwahi kuisikia. Alisikiliza dakika sita, uso umekunjamana.

"Miaka tisa," alisema, "mulikuwa munatuibia hii yote?"

Nilisoma taarifa nikiwa nimechelewa. Hakuna msikilizaji aliyepiga simu kulalamika, jambo ambalo sijawasamehe.