Breki za Anglia ya Dedan

Siku ng'ombe walipoziba barabara karibu na soko la Dagoretti, Nyakio alikanyaga breki na gari likatii. Akakanyaga tena, likasitasita. Mara ya tatu mguu ulizama hadi sakafuni kana kwamba amekanyaga tope. Ilibidi akate usukani na kuingia katika shamba la majani la mtu asiyemjua. Yeye hakuumia, wala ng'ombe hawakuumia. Walisimama tu wakamwangalia, kisha wakaendelea na safari yao ya machinjioni. Lakini habari zilifika nyumbani Waithaka kabla yake, na baba yake, Mzee Gerishon, alikuwa ameshasimama getini.

“Hiki kitu kinauzwa,” mzee alisema. “Kihara wa vyuma chakavu amekitaka siku nyingi. Jumatatu anakuja kukichukua.”

Kilikuwa ki-Anglia chekundu cha milango miwili. Dedan, kaka yake Nyakio, kabla ya kwenda masomoni ng'ambo mwaka wa sitini na tisa, alikitoa injini yake ndogo akakitia ya Cortina, gari kubwa zaidi, akakishusha chini kidogo, akakichora mstari mweupe juu ya boneti. Kilikwenda mbio kweli kweli. Ila Dedan alifikiria mwendo, hakufikiria kusimama. Breki zilibaki zile za dramu, zinazobana ndani ya kopo la chuma lililofunikwa, zilizopimwa kwa injini ya kwanza, na zikipata moto zilikuwa hazishiki tena.

Nyakio alifanya kazi ya kuunganisha simu katika hoteli moja katikati ya jiji. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kwanza kutoka Waithaka lilifika mjini karibu saa moja. Msimamizi wake alikwisha kumwonya mara moja kwa kuchelewa. Gari likiondoka Jumatatu, kazi nayo ingeondoka wiki hiyo hiyo.

“Baba, na nikilitengeneza?”

Mzee Gerishon alikuwa mwashi maisha yake yote, na hakupenda kukubali kitu ambacho hajakipima.

“Jumamosi saa nane nitakaa ndani mwenyewe. Mteremko wa Kinoo, mara tatu mfululizo. Likisimama zote tatu, ni lako. Likikataa hata moja, ni la Kihara.”

Ilikuwa Jumanne.

Jioni ile ile Nyakio alikwenda kwa Nashon Were, ambaye mchana alikuwa kibarua kiwandani, na kuanzia saa kumi na moja alikuwa fundi wa magari. Ufundi hakufundishwa na mtu. Aliupata katika kitabu kilichopoteza jalada na katika kufungua vitu taratibu akitazama vilivyokaa. Hakupandisha sauti, na hakusema gari ni bovu mpaka alale chini yake.

“Breki mpya za dukani zitakumaliza, dada,” alisema akitoka chini ya Anglia. “Lakini Kihara ana Cortina moja ilibingirika. Nyuma imekwisha, mbele ni nzima, na ina breki za diski. Ile sahani ya chuma iko wazi, upepo unaipiga, haishiki moto kama hii dramu. Miguu yake ya mbele, ile inayobeba magurudumu, inaingia hapa bila kukata kitu.”

“Kihara? Huyu huyu anayengoja gari langu?”

“Huyo huyo. Usimwambie ni za nini.”

Haikusaidia. Kihara, mwenye uwanja wa vyuma chakavu kule Dagoretti, aliwatazama wakipakia ile miguu na breki zake kwenye mkokoteni, akacheka hadi akajishika kiuno.

“Nyakio wa Gerishon! Unaninunulia mapema? Sawa, lete hizo pesa. Jumatatu hivi vyuma vitarudi kwangu vikiwa na gari juu yake!”

Hata hivyo bei haikufika robo ya ile ya dukani. Nashon alinunua raba mpya za ndani na mafuta ya breki mjini, River Road, na Alhamisi akaanza kazi uani kwa mzee.

Alikuwa na desturi moja. Kila alichosafisha alikilaza juu ya gunia kwa mpangilio wa gari lenyewe, kana kwamba gunia ni gari lililolala, pua yake ikitazama geti. Cha upande wa dereva kilikaa kulia, cha upande wa abiria kushoto. Hakuandika wala hakutia alama. Alhamisi alifunga miguu yote miwili ya mbele na sahani zake, na juu ya gunia zikabaki zile kalipa mbili, yaani vyuma vinavyoibana sahani, vikiwa vimeng'aa na raba mpya ndani.

“Kesho,” alisema, akaenda zake.

Hajafika mbali, mvua ikaanguka. Nyakio alikimbia uani, akalikumbatia gunia na vyote vilivyokuwamo, akaliingiza barazani na kulitandaza vizuri. Alijisifu kimoyomoyo kwamba hakuna kilichopata tone la maji.

Ijumaa Nashon alizifunga kalipa. Jumamosi asubuhi ikabaki kazi ya kutoa hewa iliyoingia katika mabomba ya breki tu. Nyakio alikaa kwenye usukani, fundi akachuchumaa gurudumuni na mpira mwembamba uliotumbukizwa ndani ya chupa.

“Kanyaga. Shikilia. Haya, achia.”

Vipovu vilitoka, kisha vikakoma. Lakini pedali ilibaki laini kama mkate uliolowa. Wakarudia upande wa pili. Wakarudia zote. Kopo la pili la mafuta likaisha. Saa sita ilipofika, Nashon aliketi chini na kufuta uso kwa mkono uliojaa mafuta.

“Kuna hewa mahali,” alisema. “Iko, na haitoki. Hizi za diski ndio mara yangu ya kwanza, dada. Sitakudanganya.”

Nyakio aliegemeza kichwa kwenye usukani. Alikuwa anaona meza yake ya simu pale hotelini, na mtu mwingine ameikalia.

Upande wa pili wa ua mzee alikuwa anajenga ukuta wa banda la kuku. Hakuwa amewasemesha tangu asubuhi. Aliweka pima maji juu ya tofali, akaitazama, akaligonga tofali kidogo, akaitazama tena. Nyakio alikitazama kile kipovu kikitembea ndani ya kioo, na akanyanyua kichwa.

“Baba! Hicho kipovu, ukiisimamisha pima maji, kinakwenda wapi?”

“Juu. Umewahi kuona hewa ikishuka chini ya maji?”

Nyakio alitoka garini akaja kuchuchumaa karibu na fundi.

“Hewa inatokea wapi hapa?”

“Kwa hii skurubu ndogo.” Nashon aliigusa, na kidole chake kikabaki pale pale. Skurubu ilikuwa chini kabisa ya kalipa, ikitazama ardhi. Alikwenda upande wa pili. Vile vile.

“Zimebadilishana,” alisema polepole. “Ya kulia iko kushoto, ndiyo maana skurubu imeangalia chini na hewa imebaki juu. Lakini mimi nilizitoa kwa gunia kama nilivyoziweka.”

Nyakio aligeuka akatazama barazani.

“Mvua, Nashon. Alhamisi nililiingiza gunia barazani. Nafasi ilikuwa ndogo, nikaligeuza. Pua ilitazama jikoni.”

Alingoja kelele. Nashon alilitazama gari, akalitazama gunia, akacheka kicheko kidogo cha puani.

“Uliokoa raba zangu. Na mimi nilitazama gunia, sikutazama chuma. Nipe spana, dada. Saa nane bado.”

Kalipa zilibadilishwa. Safari hii vipovu vilitoka vikubwa vikubwa, na baada ya hapo pedali ikapanda na kusimama ngumu chini ya mguu wake kama ngazi ya jiwe. Nyakio aliikanyaga mara kumi na zaidi, si kwa sababu ya kazi, bali kwa utamu tu.

Saa nane mzee aliingia garini na kofia yake magotini. Juu ya Kinoo hakusema ila, “Haya.” Gari lilishuka likishika mbio, na Nyakio akakanyaga. Likasimama limenyooka. Akaliachia likashika mbio tena, akakanyaga, likasimama. Ikabaki mara ya tatu. Barabara ilikuwa tupu, mteremko ulikuwa mkali kuliko mwanzo. Akakanyaga. Pedali haikushuka hata kidogo zaidi. Kofia ya mzee iliruka ikagonga kioo, na gari likasimama kimya.

Nyakio alicheka huku machozi yakimtoka. Mzee aliokota kofia yake.

“Mguu huu wangu,” alisema akijipapasa paja, “umeshika breki pamoja na wewe tangu kule juu. Umechoka.” Kisha akaongeza, “Kesho tunakwenda nalo kanisani. Mwambie mama yako asivae ile kofia ndefu, paa ni fupi. Kihara nitamwona mwenyewe.”

Waliporudi Waithaka, Nashon alikuwa amesimama getini, na ilionekana hakuwa ameketi tangu waondoke. Nyakio alitoa mkono dirishani akamwonyesha vidole vitatu. Fundi alivihesabu. Alilitandaza gunia lake chini, akaketi juu yake, akanyoosha miguu.