Milusina ya Shamba la Kuazima

Paskazia alikuwa amebakiza tuta moja kupalilia alipowaona wakishuka kutoka barabara ya Shinyanga: Elias, mtendaji wa kijiji, na Mhoja, mtoto wa marehemu mzee Chenge. Mhoja alivaa viatu vya mjini, akawa anaruka matuta ya viazi kama mbuzi anayeogopa maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Na jua lote hili?"

Elias alikuwa anaangalia miti, milusina ishirini iliyosimama kando ya korongo, kila mmoja umempita Paskazia urefu. Miaka minne nyuma, mwaka wa tisini na mbili, korongo lile lilikuwa likila shamba kila masika, mchanga unashuka bondeni pamoja na viazi. Mzee Chenge ndiye aliyemwazima shamba alipofiwa na mume, na ndiye aliyemwambia, "Panda miti ya huu mradi wa kuzuia mmomonyoko, mama. Niokolee ardhi, kuni uchome wewe." Akapanda. Kiangazi kizima akaimwagilia kwa ndoo ya kichwani. Korongo likatulia, likaota nyasi.

Kosa lake lilikuwa kibao. Watu wa mradi, kwa kufurahi, walichomeka kibao cha bati: SHAMBA LA MFANO, BI PASKAZIA MALIMI. Chenge alikicheka tu. Lakini Paskazia alikuwa hajawahi kuona jina lake popote isipokuwa kwenye cheti cha ubatizo, basi kila Jumamosi akawa anakifuta vumbi. Chenge alipokufa, Dorotea, jirani wa Paskazia, alimwambia akitoe. Hakukitoa.

Mhoja alikigonga kibao kwa kidole. "Mama, shamba la kuazima mtu anapanda nini?"

"Viazi. Mihogo. Mtama."

"Vitu vya kuvunwa vikaisha. Mti je?"

Nani Usukumani asiyejua? Ukipanda mti kwenye ardhi ya mtu, umeitaka hiyo ardhi.

"Baba yako aliniruhusu, Mhoja."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi na yeye."

"Basi twende tukamuulize," alisema Elias, akacheka peke yake.

Laiti angemwita Dorotea siku ile asikie! Lakini nani aliwaza mashahidi, wakati shamba lenyewe lilikuwa mchanga na mawe? Sasa serikali imeruhusu watu binafsi kununua pamba, na mnunuzi mmoja alitaka kujenga ghala hapo karibu na barabara. Alipokiona kibao akagoma kununua shamba lenye ugomvi.

Elias akafungua daftari. "Aliyepanda ang'oe kwa mkono wake, sisi tukishuhudia. Ukifanya hivyo leo, viazi tunakuachia mpaka vikomae. Ukikataa, unatoka sasa hivi na viazi vinabaki."

"Korongo litarudi, baba."

"Litamkuta mwenye ghala."

Viazi vilikuwa na miezi miwili tu ardhini. Nyumbani kulikuwa na michembe kidogo, vile viazi vya kukausha, chini kabisa ya debe. Paskazia akaomba shoka kwa Dorotea.

Mizizi ilikuwa imekwenda chini kuliko alivyodhani. Alichimba, akakata, akavuta, mikono ikatoka malengelenge. Mhoja alikaa kivulini mwa milusina ya mwisho, akawa anasogea kila kivuli kilipoisha. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amesimama juani.

Paskazia akaanza kufunga mzigo wa kuni. Elias akamzuia.

"Kuni za miti yenye shauri ni mali ya kijiji. Andika barua ya kuomba, ulete ofisini."

"Lakini nimeipanda mimi."

"Hilo ndilo tunalolikataa, mama."

Paskazia akaweka dole gumba kwenye daftari. Likaja gari, likapakia kuni zote, likaondoka na Elias na Mhoja.

Dorotea alipokuja kuchukua shoka lake alimkuta ameinama, anafukua tuta la kwanza.

"We Paskazia! Unachimba vitoto? Si wamekuachia mpaka vikomae?"

"Wamesema."

"Sasa?"

Paskazia alifuta udongo kwenye kiazi chembamba kama kidole chake, akakitia kikapuni.

"Vimekomaa," alisema, akapiga jembe tuta la pili.